Salamu za Mtanikoma

Aliyempa yule mbwa jina la Mtanikoma bila shaka alitaka kuwatisha wezi, na bila shaka alimpa jina hilo mapema mno, kabla hajajua ni mbwa wa namna gani. Kwa kumtazama, jina lilimfaa: mweusi tii, kifua kipana, shingo nene kama ya mbeba magunia. Lakini msalimie sasa. Mwinamie, mwite, mnyooshee mkono umpapase kichwa. Hapo hapo masikio yalilala, mgongo ukajikunja, mkia ukaingia katikati ya miguu, na mkojo ukaanza kutiririka sakafuni, mwenyewe akitazama pembeni kama mtu anayeona aibu.

Fundi umeme alimkuta kwenye nyumba aliyoitwa kung'oa nyaya za zamani. Wapangaji walikuwa wamehama na kumwacha amefungwa kwenye nondo za dirisha la jiko. Walimfunga kwa waya wa umeme, tena waya mzima, na Fundi hakujua akasirikie kipi kwanza, waya au mbwa. Alimfungua, akampa maji kwenye kofia yake ya kazi, na jioni akatokea naye nyumbani.

"Mbwa haokotwi kama embe," mkewe alisema. Aliuza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na alikuwa mtu wa kupima mambo kabla ya kuyachanganya.

"Wiki moja tu," Fundi akasema.

Wiki ikawa miezi miwili, na miezi yote miwili walideki. Akirudi mke, dekio. Akirudi mume, dekio. Jirani akiazima ngazi, dekio. Ajabu ni kwamba mbwa alijua mahali pa haja. Akiwa peke yake alizunguka nyuma ya tangi la maji kama mstaarabu. Ni salamu tu zilizomshinda. Jirani wa ngazi alimshauri Fundi amsugue pua kwenye mkojo wake, eti ndiyo dawa. Fundi alijaribu mara mbili. Hakujisifia jambo hilo baadaye. Mbwa alianza kukojoa hata kabla hajaguswa, kwa kusikia tu ufunguo mlangoni.

Mambo yalikuwa yamefika hapo siku waliyopigiwa simu kwamba baba mkwe ameanguka.

Baba mkwe alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Wanafunzi walimpa jina la Kengele, kwa sababu sauti yake ilifika uwanja wa nyuma bila msaada. Alikuwa mjane, akiishi peke yake, hataki kusumbua mtu. Alianguka kutoka juu ya stuli akibadilisha balbu ya sebuleni, akavunjika nyonga.

Hilo la balbu ndilo lililomchoma Fundi. Mzee alikuwa amemwambia balbu imeungua. Fundi akajibu, "Nakuja Jumapili, baba." Jumapili ikapita, na ya pili yake ikapita. Mkwe wake ni fundi umeme, na mzee anavunjika nyonga akifuata balbu. Hakuna aliyemlaumu. Laiti wangemlaumu, angepata pa kujitetea.

Daktari alimuunga mfupa kwa vyuma, na siku ya kumruhusu akawaita Fundi na mkewe pembeni. "Atembee kila siku, asilale tu. Lakini asianguke. Akianguka tena upande huu, sina ninachokiahidi."

Wakamleta kwao siku ya Alhamisi. Nyumba ilikuwa ya chini, haina ngazi, na sakafu yake yote ilikuwa ya vigae vyeupe vinavyong'aa. Fundi alikuwa amevipenda sana vigae vile alipovinunua.

Mzee aliingia na fremu yake ya chuma ya kujikongojea, ile ya miguu minne yenye vishikizo vya mpira chini, na fimbo yake ya zamani ikining'inia ubavuni. Alisimama kizingitini, akajaza kifua.

"HODI HUMU!"

Mtanikoma alikuwa sebuleni. Alisikia sauti, akaona chuma kinakuja, akaona mtu mrefu kamwinamia na kumkodolea macho. Alijilaza chali palepale, na mkojo ukatandaa kwenye vigae kama chai iliyomwagika. Mzee akasogeza fremu hatua moja. Mguu wa mbele wa fremu ukateleza.

Fundi hakumbuki alivyofika. Anakumbuka tu mikono yake ikiwa chini ya makwapa ya mzee, mgongo wa mzee kifuani kwake, na moyo wa mmoja wao ukidunda, asijue ni wa nani. Fremu ilianguka kwa kishindo.

Mzee alipoketishwa na pumzi kumrudia, alisema kwa sauti iliyotikisa vikombe kabatini, "Huyo mnyama na mimi, chagueni mwenye nyumba."

Siku hiyo hiyo shemeji alipigiwa simu. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa mkewe Fundi, mkubwa kwa umri na kwa umbo. "Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Nikimkuta huyo mbwa bado anakojoa ndani, namchukua baba." Wote walijua maana yake. Shemeji aliishi ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Mzee angepandishwa mara moja, na kushuka kungekuwa hadithi nyingine.

"Basi mbwa aondoke," Fundi akamwambia mkewe jikoni. "Kuna mlinzi wa ghala anayemtaka. Atamfunga mnyororo getini."

Mkewe alikuwa akikata vitunguu. Kisu kikasimama. "Kabla hujamfunga mtu mnyororo," akasema, "nenda kaulize kwanza kwa nini anakojoa."

Ijumaa asubuhi Fundi akampeleka Mtanikoma kwa daktari wa mifugo. Alikuwa mama mmoja mwenye buti za mpira, aliyezoea zaidi ng'ombe na kuku. Hakumsalimia mbwa. Aliendelea kuosha chupa zake kana kwamba ameingia Fundi peke yake, na Mtanikoma, kwa mara ya kwanza tangu Fundi amjue, aliingia mahali pageni bila kulowesha chochote.

"Umempiga?" mama akauliza bila kugeuka.

Fundi akatazama viatu vyake. "Nilimsugua pua. Mara mbili."

"Mara mbili zako. Za waliokutangulia hatuzijui." Alipima mkojo kwanza, isije ikawa ni kibofu. Kibofu kilikuwa kizima. Ndipo akajifuta mikono na kuketi. "Sasa nisikilize. Huyu hakojoi. Huyu anaamkia."

"Anaamkia?"

"Mtoto akimwona mkubwa anasema shikamoo. Mbwa mwoga shikamoo yake ni mkojo. Anakwambia wewe mkubwa, mimi mdogo, usinidhuru. Wewe badala ya kuitikia marahaba, unamfokea. Anaona hukumsikia, anaamkia tena, kwa nguvu zaidi."

Fundi akacheka, halafu kicheko kikamkauka.

"Ukiingia ndani, huna mbwa," mama akaendelea. "Umenielewa? Huna mbwa. Usimtazame, usimwite. Pita, weka mfuko, vua viatu. Akija mwenyewe ametulia, chuchumaa, mpe ubavu usimpe uso. Mkune kifuani au chini ya kidevu. Kichwani usimguse, huko ndiko mikono ya kumpiga ilikotokea. Akikojoa, hata kuguna usigune. Futa kwa siki, endelea na shughuli zako. Na kila anayeingia nyumba hiyo afanye hivyo hivyo. Akivunja mmoja, mnarudi mwanzo."

"Kila anayeingia?"

"Hasa mwenye sauti kubwa."

Njia nzima ya kurudi Fundi alijaribu kuyapanga maneno. Utamwambiaje baba mkwe asisalimie? Utamwambiaje mwalimu mkuu apite kimya? Na uyaseme hayo wewe, wa ile balbu?

"Mwambie wewe," alimsihi mkewe. "Ni baba yako."

"Mbwa ni wako."

"Lakini sauti ni ya baba yako."

Mkewe alitabasamu nusu, tabasamu likakatika. "Mimi siwezi kuongea na baba habari za sauti yake," akasema. Akatoka kuanika nguo, na Fundi akabaki na jibu ambalo hakulielewa.

Fundi akafanya lile ambalo mtu mwoga hulifanya akibanwa. Aliingia chumbani kwa mzee na kusema, "Baba, daktari amepiga simu. Anasema ukipaza sauti, misuli ya tumbo inakaza, inavuta nyonga. Kwa hiyo uongee taratibu. Na usiiname kutazama chini, shingo nayo inavuta."

Mzee, aliyekuwa ameinamia miguu yake, akainua kidevu. "Hakuniambia hayo," alisema kwa kunong'ona.

"Alisahau."

Uwongo ule ulifanya kazi kama dawa. Kengele alinong'ona. Alitembea kidevu juu kama askari wa gwaride, macho ukutani, hamwoni mbwa wala kivuli chake. Mtanikoma alitumia siku mbili chini ya meza. Siku ya tatu alitoa pua. Ya nne alimfuata mzee kwa mbali hadi kibarazani, akalala. Fundi na mkewe nao walishika masharti: wakirudi kazini, hawana mbwa. Ilikuwa kazi ngumu kupita kulaza nyaya. Mnyama anakutazama kwa macho yale, mkia unapigapiga sakafu, na wewe unavua viatu kama mtu aliyepofuka. Lakini vigae vilianza kukauka. Jumatatu hakuna aliyegusa dekio.

Fundi angefurahi, kama si Jumanne jioni. Alikuwa akimsaidia mzee kuvaa soksi, mzee akamwekea mkono begani.

"Nilidhani umenikasirikia," mzee alinong'ona. "Kwa ile balbu. Ningesubiri, usingepata usumbufu huu wote."

Fundi alibaki ameshika soksi. Neno lilimfika kwenye ulimi. Angelisema pale, kingekuwa kitu kidogo. Akavuta soksi hadi juu.

Jumatano, siku tatu kabla shemeji hajafika, alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyetumwa na hospitali. Alikuwa binti mmoja mwenye mikono ya nguvu na saa kubwa ya mkononi. Walikuwa sebuleni: mzee amesimama ndani ya fremu yake, binti pembeni, Fundi mlangoni, Mtanikoma chini ya meza.

"Shikamoo mzee. Mguu unaendeleaje?"

"Marahaba. Vizuri," mzee alinong'ona.

"Mbona unanong'ona? Koo linauma?"

"Masharti ya daktari. Sauti inavuta nyonga."

Binti akakunja uso. "Daktari yupi? Nimetoka kwake asubuhi hii hii. Sauti na nyonga wapi na wapi, mzee wangu? Imba hata kwaya ukitaka."

Mzee aligeuza kichwa polepole, kwa mara ya kwanza baada ya siku tano akatazama alipotaka.

"Fundi," alisema, bado kwa kunong'ona, na kunong'ona kule kulikuwa kubaya kuliko kelele.

"Baba, ngoja nikueleze..."

"UMENIFANYA MTOTO MDOGO?"

Vikombe vililia kabatini. Mtanikoma alitoka chini ya meza. Hakukimbia. Alitambaa kwa tumbo, moja kwa moja kuelekea kwa mzee, masikio yamelala, meno ya mbele yakionekana kama anayetaka kucheka, na nyuma yake akaacha mchirizi. Alifika miguuni pa fremu akajilaza chali. Mkojo ukazunguka vishikizo vya mpira, kimoja baada ya kingine.

Mzee alichomoa fimbo. Sasa alikuwa ameshika fremu kwa mkono mmoja tu.

"Mzee, usisogee," binti akasema.

"Nitasogea nitakavyo! Kumbe ndiyo maana! Siku tano nanong'ona kama mwizi kwa ajili ya mbwa!"

Fundi alikuwa hatua nne mbali. Alihesabu vigae kati yao. Akiruka, mbwa atastuka, atagonga fremu. Asiporuka, ile fimbo ikishuka, uzito wote utafuata mkono. Alisimama kama mtu aliyeshika waya wenye umeme, hawezi kuuacha wala kuushika zaidi.

Mkewe alitokea jikoni na dekio. Hakumtazama yeyote. Alipiga magoti katikati, kati ya fimbo na mbwa, akaanza kukausha kuzunguka mguu wa kwanza wa fremu.

"Ondoka hapo, mama," mzee akasema. Ndivyo alivyomwita binti yake tangu utotoni. "Mwache nimfunze adabu. Samaki mkunje angali mbichi."

"Mwache amalize, baba."

"Amalize nini?"

"Ukishaanza huwezi kuzuia. Na ukipaziwa sauti ndiyo kabisa." Akahamia mguu wa pili. "Mimi najua."

"Unajua nini wewe habari za mbwa?"

"Sisemi habari za mbwa." Alikamua tambara kwenye ndoo. Alizungumza kama anayemweleza mteja ukuta utakula ndoo ngapi za rangi. "Nilikuwa darasa la tatu, mstari wa waliochelewa. Ulipofika kwangu ulipaza sauti kuliko kwa wengine, ili watu wasiseme unanipendelea. Nikajikojolea nimesimama. Ukaagiza niletewe dekio. Nikadeki mbele ya shule nzima."

Mguu wa tatu. Binti wa mazoezi alikuwa ameangalia saa yake, na aliendelea kuiangalia.

"Sikumbuki," mzee alisema.

"Najua hukumbuki."

Mguu wa nne. Aliinuka na ndoo yake, akarudi jikoni, na maji yakasikika yakimwagwa. Fimbo ilikuwa bado hewani, lakini sasa ilikuwa kama kitu ambacho mtu amekishika akasahau alikuwa anakipeleka wapi. Binti wa mazoezi aliipokea taratibu, akaining'iniza mahali pake, akamshika mzee kiwiko. "Leo tufanye mazoezi ya kukaa tu," akasema.

Baada ya hapo mzee aliingia chumbani na hakutoka. Chakula kilipelekwa, kikarudi nusu. Alhamisi yote nyumba ilikuwa kimya, lakini si kimya cha mapumziko. Mtanikoma hakujua alale wapi. Alizunguka, akasimama, akazunguka. Mkewe Fundi alikwenda kazini akarudi, akapika, hakuligusa jambo lile, na Fundi hakuthubutu kumuuliza. Miaka tisa ya ndoa, na alikuwa hajawahi kusikia neno moja la hadithi ile.

Ijumaa asubuhi alibisha mlango wa mzee. Alisimama wima, mikono nyuma, bila kujua kwa nini mikono iko nyuma.

"Baba, nilikudanganya. Masharti yale yalitoka kwa daktari wa mifugo, kwa ajili ya mbwa. Naomba radhi."

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. "Hata uwongo wenyewe uliusema vibaya," alisema. Hakunong'ona wala hakupaza. Fundi alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile ya katikati. "Na mimi nikaukubali, msomi mzima. Unajua kwa nini? Niliogopa. Usiku na mchana naogopa kuanguka. Ungeniambia nisipepese macho, ningekubali. Kwa nini hukusema ukweli tu?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Ndiyo, baba."

Mzee alitikisa kichwa, mara moja, mara mbili. "Mbwa, mkwe, binti," alisema. "Nyumba nzima." Akatazama dirishani muda mrefu, hata Fundi akafikiri ameruhusiwa kwenda. "Huyo daktari wa ng'ombe alisemaje hasa? Niambie moja moja. Na uniletee karatasi."

Aliandika kila sharti kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama, na kila sharti akaliulizia sababu. Adhuhuri alitoka. Aliketi kwenye kiti cha kibarazani, akampa mlango ubavu, mkono unaning'inia, na kipande cha nyama ya kuchemsha kati ya vidole. Alikaa hivyo kwa saa nzima na nusu. Mtanikoma alichungulia, akarudi, akachungulia. Nzi walikuja. Mzee hakugeuka. Hatimaye mbwa alinyoosha shingo kadiri shingo inavyoweza kunyooka, miguu ya nyuma ikiwa bado ndani ya nyumba tayari kukimbia, akachukua nyama kwa ncha ya meno.

Jioni mkewe Fundi alimpelekea baba yake chai. "Iweke hapo, mama. Kaa," Fundi alimsikia mzee akisema, kisha mlango ukafungwa. Ulifunguka jua likiwa limeshazama. Vikombe viwili vilitoka. Kimoja kilikuwa kimejaa vilevile, chai imefanya utando juu. Macho ya mkewe yalikuwa mekundu, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo lakini mabega bado yanauma. Hakusema waliyoyasema. Fundi hakuuliza.

Jumamosi ikafika. Mzee aliamka mapema, akanyoa, akataka kiti chake kiwekwe nje, karibu na geti. "Mgeni wangu, nitampokea mwenyewe," alisema.

Saa nne geti likagongwa kwa ngumi.

"HODI WENYEWE!" Ilikuwa sauti ya Kengele yenyewe, ila changa kwa miaka thelathini.

Ndani, Mtanikoma alitua tumbo sakafuni. Fundi, aliyekuwa sebuleni, hakumtazama. Alitazama swichi ya taa kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Kupitia dirishani alimwona mzee ameinua kiganja kama askari wa barabarani.

"Nyamaza," mzee alisema.

Shemeji alipigwa na butwaa. "Baba, unaumwa?"

"Nimekwambia nyamaza. Ukiingia mle, huna habari ya mbwa. Humwoni, humwiti, huinami. Pita, kaa."

"Yaani niingie kwa dada yangu kama mwizi?"

"Mwizi ana adabu kuliko wewe. Umeshaona mwizi anaingia akipiga kelele?"

Wakaingia, mzee mbele na fremu yake, kishikizo baada ya kishikizo, shemeji nyuma na viatu vyake vikubwa. Mkewe Fundi alisimama mlango wa jikoni, mikono kifuani. Mtanikoma aliinuka. Alinusa hewa. Alipiga hatua mbili kuelekea kwa mgeni, kisha ya tatu.

Labda shemeji alisahau. Labda hakuamini. "Ala! Kumbe ndiye huyu!" alisema, akainama na mkono wake mpana kama sahani ukashuka kuelekea kichwa cha mbwa.

Masikio yakalala. Mgongo ukaanza kujikunja. Miguu ya fremu ya mzee ilikuwa shibiri mbili kutoka hapo.

"Geuka," mzee alisema. Sauti ilikuwa ile ya katikati, tulivu kabisa. "Mpe ubavu."

Shemeji akageuka.

"Chuchumaa."

"Baba, suruali yenyewe..."

"Chuchumaa."

Yule mtu mzima alichuchumaa, magoti yakalia kama kuni. Mbwa alikuwa akitetemeka, mgongo umeishia nusu ya kujikunja. Hakuna aliyemtazama. Watu wanne walikuwa wakitazama kuta nne. Mahali fulani bomba lilidondosha maji, na Fundi akatamani alikaze. Kisha kukasikika kunusa, pua ikipita kwenye kamba za viatu, kwenye soksi, kwenye pindo la suruali. Halafu Mtanikoma akapiga chafya.

Fundi akateremsha macho. Kwenye vigae palikuwa na matone matatu, kila moja kama kifungo cha shati.

Mkewe alikuja na tambara, akayafuta kama anayefuta vumbi, akarudi zake.

"Ndiyo hayo tu?" shemeji aliuliza, bado amechuchumaa. "Kwenye simu mlinifanya nidhani ni mafuriko."

"Yalikuwa mafuriko," mzee akasema. Akaiegemea fremu, akajishusha kitini taratibu. "Mimi nabaki hapa. Msaidieni huyu ainuke."

Hayakuishia pale, maana mambo ya woga hayaishi kwa siku moja. Msoma mita aliyekuja na filimbi mdomoni aliwarudisha nyuma wiki mbili nzima. Jirani wa ngazi alifundishwa masharti akayasahau, akafundishwa tena na mzee mwenyewe, safari hii kwa maandishi. Ilichukua miezi minne kabla Mtanikoma hajaweza kumpokea mgeni na kubaki mkavu. Kufikia hapo mzee alikuwa anatembea kwa fimbo peke yake, na hakuna aliyekuwa akizungumzia ghorofa ya nne.

Fundi alikuja kuona badiliko jingine, ambalo hakulitegemea. Mkewe alianza kubishana na baba yake. Walibishana kuhusu chumvi, kuhusu redio, kuhusu dirisha lifungwe au lisifungwe. Zamani alikuwa akisema "ndiyo, baba" na kuondoka. Mzee naye kila mara alifungua mdomo, akaufunga, ndipo akajibu.

Adhuhuri moja Fundi alikuwa kibarazani akirekebisha pasi ya jirani, akawasikia ndani wakigombania dawa, mzee akidai ameshainywa.

"Hujainywa, baba! Ninaiona hapa, na utainywa sasa hivi!"

Ilikuwa sauti kubwa, ya kutikisa vikombe. Fundi aliweka bisibisi chini na kutazama haraka kwenye mkeka ulio mlangoni. Mtanikoma alikuwa ameinua kichwa. Alisikiliza kidogo, akapiga miayo, akakilaza tena.